Moto wa Kilima cha Ng'ambo

Habari ya mkataba ilifika Klenovik imechelewa, kama zilivyochelewa habari zote kule, na aliyeileta ni sajenti wa kituo cha mpakani, mtu ambaye mpaka siku hiyo hakuwahi kuwaletea wanakijiji kitu kingine zaidi ya makatazo. Ilikuwa mwishoni mwa Januari 1937, theluji imefika magotini. Sajenti aliingia dukani, akakung'uta buti zake, akatangaza kwamba serikali ya Belgrade na serikali ya Sofia zimewekeana saini: amani isiyovunjika na urafiki wa milele, hakuna kushambuliana tena. Watu waliokuwa wakiota moto walimgeukia. Halafu mzee mmoja akauliza kama huo urafiki wa milele unaanza leo, au wangoje kwanza theluji iyeyuke.

Hakuna aliyecheka sana, maana swali lilikuwa la haki. Kwa miaka kumi na sita Yugoslavia na Bulgaria zilikuwa zikitazamana kwa jicho baya, kila moja ikiamini mwenzake analala na kisu chini ya mto, na Klenovik ndiyo iliyokuwa imelala katikati yao.

Grozda, mjane wa marehemu Rangel, alikuwa amekuja kununua chumvi. Aliiweka chumvi juu ya meza, akamgeukia sajenti.

"Kwa hiyo naweza kuvuka kwenda kwa kumu wangu?"

"Ukiwa na kibali, mama. Uende asubuhi, urudi kabla ya giza."

Grozda akatoka dukani mbiombio, na ile chumvi akaiacha pale pale.

Ili uelewe kwa nini mwanamke mwenye akili zake timamu aache chumvi aliyokwisha kuilipia, lazima ujue kwamba Klenovik ilikuwa kijiji kimoja. Kijito kinachopita katikati kilikuwa mahali pa kufulia sufu na pa vijana kuchungulia wasichana, basi. Vita kuu ilipokwisha, wakubwa wa mbali wakakifanya kijito hicho kuwa mpaka wa nchi mbili. Kanisa na kengele vikabaki chini, Yugoslavia. Malisho na kilima vikabaki juu, Bulgaria. Aliyetaka kumsalimia dada yake kwa kupaza sauti ng'ambo ya maji alijibiwa na bunduki ya mlinzi, ya hewani kama mlinzi ana roho nzuri.

Na huko juu ndiko alikobaki Spas, kumu wa nyumba ya Grozda. Kumu ndiye anayemshika mtoto kwenye ubatizo na ndiye anayesimamia ndoa yake atakapokua, na ukumu hurithiwa, nyumba kwa nyumba. Baba yake Spas alimsimamia mama mkwe wa Grozda. Spas mwenyewe alimsimamia Grozda, na mwaka mmoja kabla ya mpaka alimshika binti yake, Kalina, juu ya maji ya ubatizo, naye Kalina akamrarua sharubu. Unaweza kumkosea baba yako mzazi, ukanuna, yakaisha. Kumu humkosei. Wala hubadilishi kumu kama unavyobadilisha kitambaa cha kichwa, isipokuwa yeye mwenyewe akupe ruhusa kwa kinywa chake, na akikupa ujue kuna jambo.

Sasa kila mwaka, Jumapili ya mwisho kabla ya Kwaresima, wadogo huwaendea wakubwa wao kuomba msamaha. Hawaulizani kosa gani. Unasema, "Nisamehe," na mkubwa anakujibu, "Mungu akusamehe." Jioni watu huwasha mioto mikubwa milimani. Mpaka ulipofungwa, Grozda hakuwa na njia ya kumfikia kumu wake, basi mwaka wa kwanza alifanya alichoweza: aliwasha moto uani kwake, akamshika Kalina mkono, wakainama wote wawili kuelekea kilima cha ng'ambo. Na kule juu moto wa Spas ukazimika, ukawaka, ukazimika, ukawaka, ukazimika, ukawaka. Mara tatu. Alikuwa akiuziba kwa blanketi. Grozda alilia kwa furaha mpaka Rangel akamwambia aingie ndani atashikwa na baridi.

Tangu hapo haikukosekana hata mwaka mmoja. Walinzi wa pande zote mbili walifyatua risasi kidogo mwanzoni, kisha wakazoea. Rangel alifariki kwa homa ya kifua, Kalina akawa mwali, na moto wa kilimani ukaendelea kujibu. Miaka mitatu hii ya mwisho ulikuwa umeharibika kidogo adabu, ukizimika na kuwaka ovyo bila kujua pa kukomea, na mara moja cheche ziliruka kama blanketi lenyewe limeshika moto. Grozda alisema ni uzee, mikono inamtetemeka. Alizidi kumpenda kwa hilo.

Hapo ndipo lilipokuja suala la Tasko. Tasko alikuwa mwashi, kijana mpole mwenye mabega mapana, na alikuwa amemposa Kalina tangu kiangazi. Lakini kundi lake la waashi lilikuwa linaondoka kwenda Ajentina katikati ya Kwaresima, na Kwaresima hakuna ndoa. Kama harusi isingefungwa kabla, bwana harusi angekwenda kapera, na wasichana wa Klenovik walijua habari za makapera waliokwenda Ajentina. Mama yake Tasko, Stoina, mwanamke wa maneno mengi, alikuwa ameshamwambia Grozda atafute kumu mwingine huku huku chini na waache ukaidi. Grozda akamjibu kwamba binti yake hataanza maisha kwa kumvunjia mtu heshima. Stoina akasema heshima haizai wajukuu. Walifika hapo wakanuniana, na wote wawili walikuwa na haki yao.

Kwa hiyo mkataba wa Belgrade na Sofia, ambao sijui uliwafaa kitu gani waliouandika, ulikuja kama umeandikwa kwa ajili ya Grozda peke yake. Alimwombea kila waziri aliyeshika ile kalamu, bila kuwajua majina.

Kibali kilipotoka, aliamka kabla ya jogoo, akaoka mkate wa kumu, ule wenye msalaba wa unga juu yake, akajaza kibuyu cha divai nyekundu. Ndivyo kumu anavyoalikwa. Akikubali, anauvunja mkate, nusu anabaki nayo, nusu anakurudishia. Kwenye kijito, sajenti mwenyewe alikanyaga seng'enge ya chini kwa mguu na kuinua ya juu kwa mkono ili sketi isinase, na Grozda akamshukuru sana hata yule mtu akaona haya. Upande wa pili mlinzi wa Bulgaria, kijana mwenye chunusi, alimpa mkono avuke barafu. Akamshukuru naye. Siku hiyo angeshukuru hata jiwe.

Nyumba ya Spas ilikuwa ya mwisho chini ya kilima. Jordana, mke wa Spas, alifungua mlango, akamwangalia mgeni kwa muda, kisha akapiga yowe dogo. Walikumbatiana pale pale kizingitini, wanawake wawili waliokuwa wameachana na nywele nyeusi na wakakutana na mvi, wakalia na kucheka, na joto lote la nyumba likatoka nje. Grozda alikuwa akichungulia juu ya bega la mwenzake. Kofia ya Spas ilikuwa ukutani. Kigoda chake kilikuwa kando ya jiko.

"Kumu yuko wapi?"

"Kaa kwanza, dada."

"Yuko kilimani na kondoo?"

"Kaa, nimekwambia. Kunywa kitu cha moto."

Grozda akakaa, na kabla hajagusa kikombe alikwisha jua. Jordana akamwambia taratibu. Spas alifariki vuli, miaka mitatu na ushee iliyopita. Kengele haikulia kwa sababu kengele iko chini. Walimzika nyuma ya kilima, na mwenyewe aliusia kila mtu wa juu afunge mdomo mpaka Kalina aolewe, maana mtoto asiye na kumu ni kama nyumba isiyo na paa, na yeye hakuwa na mwana wa kumrithi. Watu wa juu walifunga midomo. Kwa jambo lingine lolote wasingeweza.

Grozda alilia, mkate wa joto ukiwa bado mapajani. Alimlilia Spas, na akamlilia Kalina. Kisha akafuta uso kwa upindo wa kitambaa.

"Basi ni wewe uliyekuwa ukipanda na kuni? Na miguu hiyo?"

"Mimi?" Jordana akatazama chini. "Mimi hata kisimani siendi. Ni Evlogi."

Hapa lazima niseme Evlogi ni nani, ingawa chini ya kijito hakuna aliyehitaji kuambiwa. Tume ya mipaka ilipokuja na ramani zake, ilitaka mwenyeji mmoja wa kuwabebea vigingi na kuvipigilia. Wote walikataa. Evlogi alikubali. Alitembea kando ya kijito na rungu lake akipigilia vigingi vya mpaka huku majirani wamesimama wanamtazama, na tangu siku hiyo alikuwa na jina moja tu, Mbeba Vigingi. Hasira ambazo watu wangepaswa kuwapelekea wakubwa wa mbali zilimwangukia yeye, kwa kuwa alikuwa karibu. Rangel alimlaani mpaka pumzi ya mwisho, na simung'unyi maneno, laana hiyo ndiyo iliyokuwa karibu neno lake la mwisho.

Na kwa Spas, Evlogi alikuwa kitu kibaya zaidi: jirani. Kati ya nyua zao palikuwa na safu ya miplamu na uzio wa vigingi vya mwaloni, na kwa miaka thelathini wazee hao waligombea uzio huo, usogee huku, usogee kule. Mkuu wa kijiji aliwahi kuwaapisha mbele ya watu kwamba hakuna atakayegusa mti wa mwenzake. Kiapo kilidumu mpaka plamu zilipoiva.

Lakini Spas alipojiona anakwenda, alisema Jordana, alimwita Evlogi. Jordana alidhani anataka kumtukana kwa mara ya mwisho, akawaachia nafasi, ila masikio aliyaacha mlangoni.

"Akamwambia, 'Evlogi, una deni kwangu. Siyo plamu. Vile vigingi ulivyopiga kule chini. Mtoto wangu wa ubatizo yuko nyuma yake. Mpaka aolewe, moto wangu usikose.' Yule naye akamjibu, 'Kufa salama, mbishi wewe. Nitawasha.' Ndiyo maneno waliyoagana nayo, dada. Wangekuwa wanapendana sijui wangesema nini."

Mlango ulifunguliwa bila kubishwa, na Evlogi mwenyewe akaingia na mzigo wa kuni za Jordana. Alikuwa mdogo wa umbo kuliko Grozda alivyomkumbuka, amepinda nyonga, theluji kwenye nyusi. Alimwona mgeni, akamwona mkate, akashusha kuni polepole. Hakusalimia. Akamwambia Jordana amwambie huyo mama wa chini kwamba anawasha moto mdogo mno, miaka yote mtu anakodoa macho mpaka yanatoka machozi.

Grozda alisimama. Miaka mitatu alikuwa ameinama mpaka chini, na binti yake pembeni, mbele ya moto wa mtu huyu. Alikuwa amemwomba msamaha Mbeba Vigingi. Aliufunga mkate kwenye kitambaa, akachukua kibuyu, akamwambia Jordana kwamba jua linakwenda, akatoka bila kumtazama mwanaume.

Nje alishika njia ya mkato. Alipita ua wa Spas, akajikuta yuko ua wa Evlogi, theluji imefunika kila kitu hata hukujua wapi palipoishia hapa na kuanza pale, na hasira zilimfanya asijiulize. Ukutani kwa Evlogi kulikuwa na blanketi limetundikwa. Alilijua. Yeye mwenyewe ndiye aliyelifuma, zawadi ya ubatizo wa Kalina kwa kumu, lenye mistari myekundu na myeusi. Upande mmoja ulikuwa umeungua kabisa, na pale palipoungua palikuwa pameshonwa kwa uzi wa magunia, mishono mikubwa iliyopinda, mishono ya mwanaume asiye na mke aliyekaa peke yake akijichoma vidole.

Grozda alishika ile mishono. Kisha akainua macho kwenye kilima. Kutoka kwake chini kilionekana kama tuta tu. Hapa kilikuwa kimesimama wima, na kwenye theluji palikuwa na njia iliyochimbwa kwa koleo mpaka juu, nyembamba, ya mtu mmoja mwenye nyonga mbovu anayejiandaa mapema kwa Jumapili ambayo bado haijafika. Aligeuka akatazama chini. Ua wake mwenyewe aliuona mdogo kama kiganja. Ni kweli, moto wake ungeonekana kwa shida.

Alisimama hapo mpaka baridi ikampenya kwenye viatu. Hasira zilitaka kubaki, na alizipa nafasi zijitetee, lakini hazikuwa na la kusema mbele ya lile blanketi. Akarudi.

Evlogi alikuwa akipanga kuni kando ya jiko. Grozda alifungua kitambaa, akauweka mkate mbele yake.

"Mimi siyo kumu," alisema Evlogi. "Kumu alikufa. Mimi ni yule mwingine. Waulize kwenu watakwambia."

"Kwetu nitawauliza siku nyingine. Miaka mitatu nimeinama pale chini nikaomba msamaha, na kuna mtu aliniitikia. Simjui kwa jina lingine ila kumu. Vunja mkate, jua linakwenda."

"Rangel atageuka kaburini."

"Ageuke, amelalia upande mmoja muda mrefu."

Jordana akacheka, akajifunika mdomo, kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba nyumba ya Spas inautoa ukumu kwa ridhaa, na kama kuna anayetaka asikie tena atarudia. Evlogi aliutazama mkate. Mikono yake mikubwa ilikuwa na masizi, akaifuta kwenye suruali, akaifuta tena. Halafu akauvunja. Nusu yake aliishika kifuani kwa mikono yote miwili na hakuila, na Grozda akatazama pembeni kumpa nafasi.

"Asante, kumu," alimwambia mlangoni. "Kwa yote."

Huko chini, kama ilivyotarajiwa, palichimbika. Stoina alisema heri mwanawe aende Ajentina kapera kuliko Mbeba Vigingi kukanyaga kanisani kwao. Wengine walisema Grozda amerogwa kule juu. Kalina, aliposimuliwa habari ya Spas, alilia siku nzima, na aliposimuliwa ya blanketi akaenda kuchagua uzi mwekundu. Aliyemaliza maneno ni Tasko, ambaye kwa kawaida hakuwa na maneno.

"Mama," alimwambia Stoina, "mimi mwaka juzi nilijenga gereza. Nilipewa kazi, nikajenga. Utanifukuza na mimi?"

Stoina alisema hilo ni jambo tofauti. Lakini alipotafuta tofauti yenyewe hakuipata upesi, na siku za harusi zilikuwa zinakwisha.

Harusi ilifungwa Jumapili ya mwisho iliyoruhusiwa, maana hata wiki ya kuelekea Kwaresima haina ndoa. Evlogi alivuka kijito amevaa koti la marehemu Spas, Jordana nyuma yake kwenye sleji iliyokokotwa na ng'ombe juu ya theluji, na watu wa juu kadhaa waliopata vibali. Kwenye seng'enge, pale pale ambapo yeye mwenyewe alipiga kigingi miaka kumi na sita iliyopita, sajenti alimsimamisha akamuuliza ana undugu gani na wenye harusi. Mzee akaanza kupapasa koti akitafuta kibali. Kalina, ambaye mila ilimtaka akae ndani mpaka aje kuchukuliwa, alikuwa amekimbia mpaka kijitoni na taji la maua likimwangukia usoni.

"Ni kumu wangu," alisema. "Mpishe, tunachelewa kanisani."

Sajenti akampisha. Evlogi alisimama nyuma ya maharusi akiwa ameshika mataji yao, na alipoimbiwa na watu aliowajua tangu utoto, ambao walikuwa hawajamsemesha tangu vigingi, alitokwa na machozi waziwazi, akayaacha yateremke kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa na kazi. Baadaye alicheza dansi ya duara na nyonga yake mbovu, akakanyaga miguu ya Stoina, na Stoina akamtukana kwa jina lake halisi, siyo lile la vigingi. Wote waliosikia walielewa.

Nijuavyo mimi, milele ya wale wakubwa ilidumu miaka minne, kisha wakavunja walichokiandika na mizinga ikapita Klenovik. Sitasema zaidi. Mwaka ule wa mkataba walikuwa wametoa walichotoa, na Grozda alikipokea kwa mikono miwili. Mpaka uzeeni alisema kwamba hawezi kumsema vibaya mtu aliyemfungulia mlango, hata kama baadaye aliufunga.

Jumapili iliyofuata ndiyo ilikuwa ya kuombana msamaha. Kwa mara ya kwanza tangu mpaka, Grozda hakuwasha moto uani kwake. Walipanda, yeye na maharusi, na mkate na halua na yai la kuchemsha, kama wanavyotakiwa maharusi kumwendea kumu wao, na mfukoni vibali vya kulala huko. Yai lilitundikwa kwa uzi darini mwa Jordana, wakalizungusha, kila mtu alidake kwa meno. Evlogi, ambaye meno yake mengi yalikuwa yameshaaga, ndiye aliyelidaka, na hakuna aliyejua kwa njia gani. Kalina na Tasko wakapiga magoti, wakambusu mkono, wakasema, "Tusamehe, kumu." Akawaambia Mungu awasamehe, akawapa chungwa moja moja, akatoka haraka haraka akisema kuni haziendi kilimani zenyewe.

Grozda alitoka nyuma yake kumsaidia. Theluji ilikuwa imeyeyuka wiki ile, na sasa aliona kile ambacho hakukiona mara ya kwanza. Kati ya ua wa Spas na ua wa Evlogi kulikuwa na ile safu ya miplamu, na chini ya miplamu kulikuwa na mashimo, shimo baada ya shimo, yamejaa maji. Uzio haukuwepo. Vigingi vitatu tu vilikuwa vimebaki pale mwisho, na Evlogi alikuwa amekumbatia kimoja akikitikisa.

"Kumu," alisema Grozda, "uzio uko wapi?"

Mzee hakugeuka. "Mti mkavu. Mwaloni wa zamani unawaka vizuri, na kuni zangu mbichi. Ulitaka niwashe kwa nini?"

"Miaka yote mitatu?"

"Ulikuwa uzio mrefu."

Grozda alikwenda kwenye kigingi kilichofuata, akakishika, wakavitikisa vyote vitatu mpaka vikatoka. Walipanda kwa ile njia ya koleo, Evlogi na viwili, Grozda na kimoja na lile blanketi, ambalo Kalina alikuwa amelishona upya kwa uzi mwekundu. Maharusi walifuata nyuma na mzigo wa matawi.

Juu kilimani moto ulishika. Chini ya kijito mioto ya wengine ilikuwa inaanza kuwaka, mmoja mmoja, na Grozda alijua katika kila ua kuna mtu amesimama anatazama juu. Evlogi alikuwa bado ameshika kigingi cha mwisho. Alikigeuzageuza. Midomo yake ilikuwa inatafuta neno. Kumu haombi msamaha, kumu hutoa, ndivyo ilivyo tangu zamani, na yeye alikuwa mtu wa kushika mila. Basi alimnyooshea Grozda kile kigingi.

Grozda akakipokea, akakiweka katikati ya moto.

"Mungu akusamehe," alisema. "Nami nimekusamehe. Na Rangel pia, nitamwambia."

Evlogi aliitikia kwa kichwa. Alisubiri mpaka kigingi kikashika vizuri, kisha akachukua blanketi, akauziba moto, akaufungua. Akauziba, akaufungua. Akauziba, akaufungua. Alikuwa anauziba mara ya nne, kama kawaida yake, Grozda alipomshika mkono.

"Basi, kumu," alimwambia. "Wameshaona. Inatosha."